Daraja la Jumanne

Tulianza kabatini, Valdivia, mwezi wa sita,
mvua ikigonga bati kama mdai wa kodi.
Wladimir Oyarzo kajikunyata
kati ya makoti ya marehemu baba yake,
mimi nje, kompyuta mapajani,
nikikata kikohozi, nikikata mbwa wa jirani.
Mvua sikuikata. Haikatiki.

Wiki ya kwanza wasikilizaji kumi na wanane;
karibu wote tuliwajua kwa majina.
Halafu mia nne. Halafu tukaacha kuhesabu,
maana Nolfa wa Osorno, mwoka mikate,
alitusikiliza saa kumi alfajiri akikanda unga,
na dirisha lake lilikuwa wazi,
na foleni nzima ya mkate ilisikia naye.
Nahodha wa pantoni pale Chacao
alimweka Wladimir kwenye spika ya sitaha:
lori la samaki, basi la shule, magari arobaini
yakavuka mlangobahari
pamoja na kikohozi kimoja nilichosahau kukikata.
Simu moja huhesabiwa mtu mmoja.
Dirisha, nani atalihesabu?

Jumanne moja alisema habari za daraja la mbao
la mto Llancura. Hakufoka.
Alizitaja zilizooza kwa mpangilio:
ubao wa nne, wa tisa, wa kumi na moja,
na jinsi watoto wanavyoshikana mikono hapo.
Ijumaa watu mia mbili walisimama na miavuli,
na meya akaja na nyundo yake mwenyewe,
mpya, kikaratasi cha bei bado kinaning'inia.

Ndipo ikaja kampuni.
Santiago, ghorofa ya thelathini na moja,
kahawa katika vikombe visivyo na masikio.
Mkataba kurasa sitini: atasikika kwao tu,
kwa aliyejisajili, kwa aliyelipa,
kwa mwenye simu itakayokubali.
Niliusoma wote, sitajifanya.
Mkono mtupu haulambwi,
na meno yangu haya mawili ya mbele
yalinunuliwa na ukurasa wa kumi na saba.

Sasa tuna chumba chenye kuta za sifongo.
Mvua haiingii. Mbwa haingii.
Kila mwezi barua: namba ni nzuri, hongereni.
Namba zipi?
Hiyo, wanasema, ni siri ya kampuni.

Mwezi wa nane akasema habari za zahanati ya Caleta Honda,
daktari hajaonekana tangu Pasaka.
Alisema vizuri kuliko alivyowahi kusema;
nililia, kisha nikakata kilio changu kwenye rekodi.
Ijumaa tukaenda. Tulikuwa sita,
na mmoja wetu alikuwa amefuata sindano.
Meya akapita, akashusha kioo cha gari:
"Wladimir! Umepotea, ndugu yangu!
Siku hizi unafanya kazi gani?"
Wala hakuwa akidhihaki. Hapo ndipo tulipoumia.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.
Ikilia ndani ya gunia,
jambo linabaki na gunia.

Kesho yake nilipita Osorno kununua mkate.
Nolfa akanishika mkono kwa vidole vya unga:
"Alikufa lini? Mbona mazishini hamkuniita?"
Nikamweleza. Kampuni, usajili, kadi ya benki.
Akasikiliza kwa adabu,
kama mtu anayeelezwa ugonjwa wa mtoto wa mwingine,
akaniongezea mkate mmoja bila kunitoza.

Mjukuu wake alikuwa amemhifadhia kipindi kimoja, kimoja tu,
katika simu yake ya zamani iliyopasuka kioo.
Kila Jumanne, saa kumi, hufungua dirisha, akakiwasha.
Mvua imo. Kikohozi kimo.
Kwa Nolfa ubao wa nne bado umeoza,
wa tisa, wa kumi na moja,
na kila Jumanne, anasema,
hakosekani mtu kwenye foleni
wa kuuliza: hiyo Ijumaa,
tukutane saa ngapi?